UZI: Siku nzima ya mtembeaji wa Camino Francés, kuanzia kuamka mpaka taa kuzimwa

Fimbo Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu salama? Kila anayeniuliza kuhusu Camino de Santiago (njia za hija za kwenda kwenye kaburi la Mtume Yakobo, mimi hapa naongelea ile inayoitwa Camino Francés) anauliza vitu viwili tu, ni kilomita ngapi na inakula hela ngapi, nikishajibu basi mazungumzo yameishia hapo. Kilomita ni kama 780 ukianzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa pale mpakani, mpaka Santiago de Compostela kaskazini magharibi mwa Hispania. Wengi wanatumia siku 30 mpaka 35. Hela ntaigusia mbele.

Ila kinachomfikisha mtu au kumkatisha njiani ni zile saa za mchana ukishafika kituoni, kuanzia unapovua viatu mpaka unapolala. Kutembea mwili unazoea wenyewe ndani ya wiki ya kwanza, hata kwa mtu ambaye hakuwa na mazoezi. Wengi niliowaona wanakata tiketi ya basi kabla ya kufika jiji la Burgos walikuwa na mapafu mazuri na nguvu za kutosha, walishindwa na miguu iliyooza kwenye soksi mbichi na usingizi wa masaa matatu kwa usiku. Kwa hiyo nataka nielezee siku yenyewe inavyokwenda, mwenye swali atupie tu.

ASUBUHI. Hosteli za mahujaji zinaitwa albergue, ukumbi wa vitanda vya dabodeka, pengine mko kumi pengine hamsini na zaidi. Sheria karibu zote zinafanana, unalala usiku mmoja tu kisha unaendelea na safari, taa zinazimwa saa 4 usiku na asubuhi ikifika saa 2 uwe umeshatoka. Watu wanaanza kujigeuza saa 11 alfajiri na hapo ndo utajua nani ana utu na nani hana. Mwenye utu amepanga begi lake jana jioni, anabeba vitu vyote mikononi mpaka koridoni na kule ndo anavaa na kufunga kamba. Asiyejali anawasha taa ya kichwani nyeupe inapiga macho ya watu wote afu anaanza kukunja mifuko ya plastiki, yale makelele ya plastiki alfajiri yanaamsha ukumbi mzima jamani. Weka vitu vyako kwenye vifuko vya kitambaa, nakuomba sana.

Ukitoka nje unafuata mishale ya njano. Imepakwa kwenye kuta, nguzo, mawe, lami, popote pale. Ilianzishwa miaka ya 1980 na padri wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, aliyezunguka na rangi kuweka alama njia ambayo ilikuwa imesahaulika kwa sehemu kubwa. Alifariki 1989, na mwaka 2024 peke yake karibu watu 500,000 walipokea cheti cha kufika Santiago kwa njia zote. Huwa namuombea nikiona mshale uliofifia.

Saa moja na nusu ya kwanza unatembea tumbo tupu au na kipande cha mkate, baa ya kijiji cha kwanza ndo chai ya asubuhi, kahawa ya maziwa na kipande cha tortilla, yale mayai na viazi yaliyoiva mazito kama kiganja. Hapo kaa vizuri, vua viatu, vua na soksi. Sio kila mtu anafanya hivi ila wanaofanya ndo niliowaona mpaka mwisho. Kila baada ya masaa mawili miguu ipate hewa dakika kumi, ngozi ikauke, uigeuze soksi. Ukisikia sehemu imeanza kuwa ya moto, kisigino au pembeni ya kidole gumba, simama PALE PALE, usiseme ntafika kijiji kijacho kwanza. Bandika plasta kabla lengelenge halijatoka. Hiyo ni dakika tano, lengelenge likishatoka ni wiki.

MCHANA. Wengi wanatembea kilomita 20 mpaka 25 kwa siku, kwa hiyo ukitoka saa 12 na nusu unafika kati ya saa 7 na saa 9 mchana. Mlangoni kuna rafu ya viatu, vimepangwa vimejaa vumbi, vingine vimesokomezwa magazeti ndani vinyonye unyevu, harufu ile huisahau, na pembeni kuna ndoo au debe la fimbo. Unavua hapo hapo, hakuna kuingia na viatu ndani. Kuna benchi na meza, na nyuma ya meza kuna hospitalero, yaani mtunza hosteli, mara nyingi ni mtu wa kujitolea ambaye mwenyewe alishatembea njia hiyo. Unatoa pasipoti na ile credencial, kijitabu cha hujaji cha kugongewa mihuri, anagonga muhuri na tarehe, unalipa, anakupa shuka la karatasi na foronya ya karatasi, anakuonyesha kitanda.

Sasa hapa ndo uzi wenyewe. Usikae. Ukikaa kitandani umeisha, mwili unaganda na nusu saa baadaye huwezi kunyanyuka. Mpangilio ni huu na usiubadilishe, kitanda, bafu, kufua, miguu, chakula, kulala kidogo. Kitanda kwanza unakikagua (kunguni, ntarudi hapo) unatandaza begi la kulalia ujue ni chako. Unaoga na nguo za kesho unazo bafuni, unatoka umeshazivaa, mahujaji wengi wanatembea na nguo seti mbili tu, ya kuvaa na ya kufua. Kisha unafua jua likiwa bado juu. Soksi, chupi, fulana, kwa sabuni ya kipande kwenye karo la nje, unakamua, unakamua tena ndani ya taulo, unaning'iniza na pini zako mwenyewe maana za hosteli hazitoshi kamwe. Saa 8 mchana mwezi wa sita nguo inakauka masaa mawili. Ukifua saa 12 jioni hutaanua nguo kavu, kesho unavaa soksi mbichi na soksi mbichi ndo malengelenge. Unaona mnyororo ulivyo? Ndo maana nasema safari inaamuliwa mchana.

Miguu sasa, ikiwa safi na mikavu. Unaipandisha juu ya kiti au ukutani robo saa, unaikagua katikati ya vidole, unakata kucha fupi kabisa kwa sababu kwenye mteremko kidole kinagonga mbele ya kiatu na kucha inageuka nyeusi. Mafuta ya mgando unapaka usiku na asubuhi.

Chakula jioni baadae kidogo. Naomba niishie hapa kwanza, maswali yaje.

kituo_kifuatacho

Mkuu uzi mtamu sana huu. Swali langu, nasikia watu wanatoka saa 10 usiku wa manane kuwahi vitanda, wengine wanabuki kila usiku mwezi mzima kabla hata hawajaanza. Ipi bora? Mimi nataka niende mwezi wa tisa mwakani.

Fimbo Mbili

Mkuu hizo mbio za vitanda zipo kweli na zinaharibu safari za watu wengi. Iko hivi, albergue za halmashauri na za parokia nyingi hazipokei kubuki, anayefika kwanza ndo analala. Za watu binafsi unabuki kwa simu. Mwezi wa tano na wa tisa ndo kuna msongamano mkubwa upande wa mwanzo, na kuanzia Sarria, mji ambao wengi wanaanzia zile kilomita mia na kitu za mwisho, kiangazi kizima kunajaa.

Kubuki mwezi mzima mimi sikushauri hata kidogo. Ukishabuki umeshaamua leo utatembea kilomita ngapi tarehe ambayo hujui goti lako litakuwa na hali gani, halafu mtu anatembea na maumivu kwa sababu kitanda kimelipiwa, hapo ndo mshipa wa mbele ya muundi unavimba, na ukishavimba hauponi bila kupumzika. Buki usiku wa kwanza, na kama unapita juu mlimani buki na Roncesvalles, kijiji cha kwanza ukishavuka milima, baada ya hapo piga simu asubuhi ya siku hiyo hiyo au jana yake tu.

Dawa ya msongamano ni kutolala pale ambapo vitabu vya mwongozo vinamaliza siku. Karibu kila mtu anagawa njia sawa, Roncesvalles, Zubiri, Pamplona, Puente la Reina na kuendelea, basi wote wanamwagika kijiji kimoja saa ile ile. Wewe sogea mbele au baki nyuma kidogo. Badala ya Zubiri nenda Larrasoaña, kilomita tano na kitu mbele. Badala ya Santo Domingo de la Calzada (ingia kanisani pale uone jogoo na kuku walio hai, wamewekewa kibanda chao ndani ya kanisa kuu kwa ajili ya hadithi ya muujiza wa kale) endelea kama kilomita saba mpaka Grañón.

Na Grañón naomba niiseme vizuri kwa sababu naipenda. Unalala ndani ya jengo la kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, unapanda ngazi nyembamba za mawe za mnara, hakuna vitanda, ni magodoro membamba sakafuni. Hakuna bei. Pana sanduku liko wazi limeandikwa acha unachoweza, chukua unachohitaji. Jioni mnapika wote, mmoja anamenya viazi mwingine anakata vitunguu, watu hawana lugha moja lakini kisu na ubao wa kukatia vinatosha kuelewana, mnakula meza moja ndefu, mkimaliza mnaosha vyombo pamoja. Baada ya hapo kuna sala kanisani kwenye viti vya kwaya, kule juu, mishumaa tu. Mahali kama pale huwezi kubuki. Ukishafunga ratiba yote kwa kadi ya benki unajinyima vitu vya namna hiyo.

Saa 10 usiku usitoke. Mishale haionekani gizani, unapotea, na unaowaacha wamelala umeshawaamsha.

NyotaYaJioni

Asante kaka kwa uzi. Mimi nilitembea peke yangu kama mwanamke naomba niongezee upande wetu maana dada zangu wengi wanaogopa kuuliza.

Peke yangu ni jina tu, ukishalala Roncesvalles na watu wale wale, kesho yake unawakuta Zubiri, keshokutwa Pamplona, mnakuwa familia bila kupanga. Hata hivyo tahadhari ni tahadhari. Namba ya dharura Hispania yote ni 112. Polisi wa kule wana programu ya simu inaitwa AlertCops, unaipakua kabla, ukipata shida unawatumia taarifa na mahali ulipo. Mimi nilikuwa naangalia kwanza nani yuko mbele yangu na nani nyuma kabla ya kuingia kwenye msitu, na kama njia imetulia mno nasubiri baa mpaka atokee mtu ninayemfahamu. Kitandani naweka pasipoti na hela chini kabisa ya begi la kulalia karibu na miguu, na naenda navyo bafuni kwenye mfuko wa plastiki. Kila siku, bila kuchoka.

Kwenye miguu hapo kaka niko na wewe ila hukusema kuhusu sindano na uzi. Kila jioni kuna mzee mmoja atakuja na sindano atakwambia pitisha uzi kwenye lengelenge uuache ndani unyonye maji. Msikubali. Uzi ukibaki ndani ni mlango wa uchafu, unatembea navyo kwenye jasho na vumbi siku nzima. Kama halikuumi liache, kama linakuzuia kutembea toboa pembeni kwa sindano iliyosafishwa, bonyeza maji yatoke, ngozi iache pale pale usiichune, paka dawa ya vidonda, funika. Likiwa jekundu linapiga mapigo nenda kituo cha afya, wamezoea miguu ya mahujaji.

Fimbo Mbili

Dada umesema vizuri sana, hasa hiyo ya uzi. Wanaoitetea wanasema wamefanya miaka yote hawajapata shida, sawa, lakini anayepata shida hayupo mezani kutuhadithia, ameshapanda basi.

Mzee wa Ngazi

Mimi nina la kusema hata kama litawaudhi. Siku hizi nusu ya watu wanatembea na kibegi cha chupa ya maji, mzigo umepelekwa na gari. Hiyo ni hija au ni matembezi ya jioni? Hujaji abebe mzigo wake, wasioweza wachague safari nyingine.

Fimbo Mbili

Mzee wangu nakuheshimu ila hapa sikubaliani na wewe, na nimebeba begi langu mwenyewe kwa hiyo sijitetei.

Hiyo huduma ipo, hata posta yao ya Correos inafanya, unaacha begi mapokezi asubuhi na bahasha yenye hela, mchana unalikuta kituo kijacho, ni euro chache tu kwa siku. Ofisi ya mahujaji Santiago haiulizi nani alibeba begi, masharti yake ni utembee angalau kilomita 100 za mwisho kwa miguu, au 200 kwa baiskeli, na mihuri ithibitishe. Kuna watu wana mgongo uliofanyiwa oparesheni, kuna mama amemaliza matibabu makali mwaka huo huo anakwenda kushukuru uzima wake, unamwambia nini huyo? Yeye mzigo wake anao, ila haupimiki kwenye mizani.

Ninachosema ni kwamba anayeweza kubeba abebe, kwa sababu begi linakufundisha kupunguza. Kanuni inayotajwa sana ni asilimia 10 ya uzito wako. Mtu wa kilo 65 basi begi lisizidi kilo 6 na nusu, na humo kuna maji pia. Wiki ya kwanza kule posta za Pamplona na Logroño utaona watu wanajaza maboksi, suruali ya jinsi, vitabu, chupa za shampuu, vyote vinarudishwa. Ukipeleka begi na gari kila siku inabidi ujue asubuhi utalala wapi, kwa hiyo unarudi kwenye lile tatizo la kubuki. Hilo ndo linalonipa shaka, sio uvivu.

Mzee wa Ngazi

Hiyo ya mama aliyetoka kwenye matibabu nimeipokea kijana. Narudisha neno langu kwa hao. Kwa vijana wenye afya nabaki palepale.

tausi_mweupe

Jamani mimi nataka kumpeleka mama yangu, ana miaka 63, anatembea vizuri tu ila magoti yanamsumbua akishuka. Ana hamu kweli, ameniambia ni nadhiri. Inawezekana kweli? Na chakula chake kinakuwaje maana halali njaa.

Fimbo Mbili

Mfikishie mama shikamoo yangu. Inawezekana kabisa, wapo wengi wa umri wake na zaidi, na mara nyingi wao ndo wanafika wazima kwa sababu hawana haraka.

Usimpitishe njia ya juu ya milima siku ya kwanza. Saint-Jean iko chini kama mita 170, unapanda mpaka kama mita 1,430 halafu unashuka kwa kasi mpaka Roncesvalles iliyo kama mita 950, siku hiyo hiyo, na ule mteremko ndo adui wa magoti. Ipo njia ya bondeni ya Valcarlos, na kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi ile ya juu inafungwa kisheria kwa ajili ya hali ya hewa, wote wanapita bondeni. Mteremko wa mawe kuingia Zubiri na ule wa baada ya kilima cha Alto del Perdón nao una mawe yanayobingirika chini ya mguu, mpe fimbo mbili, sio moja, na azirefushe kidogo akishuka. Kama muda wenu mfupi anzieni Sarria, kama kilomita 115 kutoka Santiago, mgawanye kwa siku nane badala ya tano zile za kwenye vitabu. Kilomita 12 mpaka 15 kwa siku zinamtosha. Nadhiri haina spidi.

Kitanda, mkifika mwambie hospitalero mama anahitaji cha chini, wenyewe wanawapa wazee bila shida. Wewe panda juu.

Chakula sasa, hapa lazima mjue saa za kule au mtalala njaa kweli. Maduka ya vijijini yanafungwa kama saa 8 mchana mpaka saa 11 jioni, Jumapili mengi hayafunguki. Kwa hiyo matunda, jibini, mkate na maji vya kesho nunueni kabla ya saa 8 au baada ya saa 11, na Jumamosi nunueni vya Jumapili. Wenyeji wanakula chakula cha usiku saa 3 na kuendelea, hujaji wakati huo anatakiwa awe anapiga mswaki, ndo maana migahawa ya njiani ina menú del peregrino kuanzia kama saa 1 usiku, sahani ya kwanza (supu ya dengu, saladi au tambi), ya pili nyama au samaki na chipsi, kitu kitamu mwisho, mkate na divai au maji, kwa bei kama euro 12 mpaka 15. Au mnapika wenyewe, hosteli nyingi zina jiko, mchele mnapata kila mahali. Ukichanganya kitanda cha hosteli ya kawaida euro 10 mpaka 15, chakula cha usiku, kahawa na vya mkononi, mtu anayejibana anaweza kuishi kwa kama euro 35 mpaka 40 kwa siku.

Maji, chemchemi za bomba zipo vijiji vingi, zilizoandikwa no potable msinywe. Sehemu kavu kabisa ni baada ya Carrión de los Condes, kama kilomita 17 hakuna kijiji mpaka Calzadilla de la Cueza, njia imenyooka, kivuli hakipo. Hapo mtu asiondoke na chini ya lita mbili.

kituo_kifuatacho

Hiyo nyanda ya Meseta nasikia watu wanairuka kwa basi, Burgos mpaka León, eti inachosha hamna cha kuona. Na kunguni uliahidi mkuu.

Fimbo Mbili

Kunguni. Kabla ya kuweka kitu chochote kitandani, nyanyua kona za godoro, angalia kwenye mishono na kwenye nyufa za mbao za kitanda kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi vidogo vidogo au maganda, mwambie hospitalero kwa adabu na omba kitanda kingine. Begi lisikae kitandani kamwe, likae sakafuni au kwenye ndoano. Ukiamka na mistari ya uvimbe mkononi usifiche kwa aibu, mwambie hosteli inayofuata ukiwa MLANGONI, watakusaidia nguo zako zote zipite kwenye mashine ya kukaushia ya moto mkali, joto ndo linawaua. Anayeficha anawapeleka kwa wenzake.

Meseta usiiruke. Ni kama kilomita 180, tambarare, ngano kushoto ngano kulia, kijiji unakiona saa nzima kabla hujakifikia. Ni kweli mwili unachoka kwa kurudia hatua ile ile, na ni kweli wengi wanaumia muundi hapo kwa sababu tambarare inawapa tamaa ya kwenda mbio. Lakini mpaka Burgos bado uko na mawazo ya kazini, ya simu, ya nani alikukosea. Kwenye Meseta yanakwisha. Siku ya tatu ya ngano unakuta unasali bila kupanga, au unalia tu unatembea, na anayekupita anakusalimia Buen Camino, yaani safari njema, na kukuacha na machozi yako kwa heshima. Pale Carrión kuna masista wanaopokea mahujaji, jioni wanapiga gitaa na mnaimba wote pamoja. Mwenye basi atafika León mapema lakini hicho hana.

NyotaYaJioni

Nasapoti. Kule ndo nilijua kwa nini nilikwenda.

tausi_mweupe

Asanteni sana, nimemsomea mama uzi wote. Anauliza siku ya kufika Santiago kunakuwaje, na je ambaye sio Mkatoliki (mimi) napewa cheti?

Fimbo Mbili

Unapewa. Ofisini wanauliza sababu ya safari yako. Ukisema ya dini au ya kiroho unapata Compostela yenyewe, imeandikwa kwa Kilatini na jina lako, bure. Ukisema ni utalii au michezo kuna hati nyingine ya kukukaribisha. Hati ya umbali uliotembea ni ya kulipia, euro chache. Ila kumbukeni hizi kilomita 100 za mwisho mihuri ni MIWILI kwa siku, mmoja wa hosteli na mwingine wa baa au kanisa njiani, msisahau maana watakagua.

Galicia, mkoa ulipo mji wa Santiago, itawanyeshea, hilo lipangeni, koti la mvua lifunike na begi. Kila baada ya muda mtaona nguzo ya jiwe yenye ganda la kombe na namba ya kilomita zilizobaki, wameandika mpaka mita. Siku ya mwisho kuna kilima cha Monte do Gozo, kutoka pale mahujaji wa zamani walikuwa wanaiona minara ya kanisa kuu kwa mara ya kwanza. Jiji linaanza, taa za barabarani, mabasi, na miguu inakuwa mizito kweli kilomita nne hizo.

Mkifika, mabegi hayaruhusiwi ndani ya kanisa kuu, yaacheni hosteli kwanza au sehemu za kuhifadhia mizigo zilizo jirani. Ofisi ya mahujaji iko Rúa Carretas, mnajiandikisha mtandaoni kabla, mnachukua namba, mnasubiri. Misa ya mahujaji ni saa 6 mchana, wahini saa nzima kabla kama mama anataka kukaa. Lile chetezo kubwa, botafumeiro, kilo 50 na kitu, linavutwa kwa kamba na wanaume wanane linapaa mpaka karibu na dari, lakini sio kila siku, ni sikukuu fulani na vikundi vikiliomba, kwa hiyo asiweke moyo wote hapo. Nyuma ya altare kuna ngazi, anapanda na kuikumbatia sanamu ya Mtume Yakobo kwa nyuma, na chini kuna kaburi lake. Mwache mama akae huko kaburini anavyotaka.

Jambo la mwisho la ratiba. Mwaka Mtakatifu ni ule ambao tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, inaangukia Jumapili, na unaokuja ni 2027. Watu watakuwa wengi kuliko kawaida. Kama nadhiri ya mama inaruhusu mwaka mwingine wowote, chagueni mwezi wa tano au mwanzo wa mwezi wa kumi. Kama anataka 2027 yenyewe, basi hapo nalegeza msimamo wangu, bukini vitanda vya Sarria mpaka Santiago vyote mapema, na viatu muanze kuvivaa nyumbani miezi miwili kabla, namba moja juu ya ile anayovaa siku zote kwa sababu miguu inavimba.

tausi_mweupe

Anasema 2027. Kesho tunaenda kujaribu viatu, jioni maana umesema miguu inavimba.